Picha ya kamera inachelewa na kumbukumbu inajaa: tiba kwa programu ya PySide6

Swali: Nimeandika programu ya kompyuta kwa Python na PySide6 inayoonyesha picha kutoka kamera ya USB iliyofungwa kwenye hadubini. Kamera inatoa pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde. Uzi (thread) wa pembeni unasoma fremu kwa OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, unatengeneza QImage na kuituma kwa signali. Upande wa dirisha naigeuza kuwa QPixmap, naipunguza kwa SmoothTransformation, kisha naiweka kwenye QLabel. Mwanzoni mambo ni mazuri. Baadaye nikisogeza sampuli, picha inasogea baada ya sekunde kadhaa, vitufe vinakuwa vizito, na kumbukumbu inapanda mpaka kompyuta inaganda. Je, nihamie C++?

Jibu: Usihame kwanza. Ukihamisha mpango huu kama ulivyo kwenda C++, utapata ugonjwa uleule, tofauti itakuwa tu kwamba utachukua muda mrefu kidogo kuonekana. Picha kuchelewa zaidi na zaidi, kumbukumbu kupanda bila kushuka, na vitufe kuwa vizito ni dalili tatu za jambo moja: mahali fulani katikati kuna foleni isiyo na kikomo, na anayeingiza ana kasi kuliko anayetoa.

Foleni hiyo hukuitengeneza wewe, imetengenezwa na Qt, maktaba ya madirisha iliyo chini ya PySide6. Signali inapotoka uzi mmoja kwenda mwingine, Qt haiiti kazi ya upande wa pili papo hapo. Inaandika tukio kwenye foleni ya uzi mkuu, na fremu yako inabebwa ndani ya tukio hilo. Foleni hiyo haina ukomo. Tufanye hesabu kwa kamera yako. Fremu moja ya baiti 3 kwa pikseli ni 1920 × 1080 × 3, yaani baiti 6,220,800. Tuseme uzi mkuu, ukiwa umebeba mzigo wa kupunguza picha, unaweza kuchora fremu 22 tu kwa sekunde. Kila sekunde zinabaki 8, karibu megabaiti 50. Baada ya dakika moja zimelala fremu 480, takriban gigabaiti 3, na fremu unayoitazama ni ya sekunde 16 zilizopita. Kubofya kitufe nako ni tukio, na linahudumiwa na uzi huohuo ulioelemewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kubadilisha si kasi ya kuchora, ni mwelekeo. Sasa hivi kamera inalisukumia dirisha picha. Geuza: dirisha ndilo liende kuchukua, na lichukue fremu ya mwisho tu. Anayetazama hadubini hana haja na fremu ya nusu sekunde iliyopita. Fremu ambayo dirisha halikuwahi kuichukua ifutwe na inayofuata, bila majuto. Unahitaji kisanduku chenye nafasi moja:

    class Kisanduku:
        def __init__(self):
            self._kufuli = threading.Lock()
            self._fremu = None
            self._namba = 0

        def weka(self, fremu):
            with self._kufuli:
                self._fremu = fremu
                self._namba += 1

        def chukua(self):
            with self._kufuli:
                return self._fremu, self._namba

Kufuli hapa inashikwa kwa muda mfupi mno, kwa sababu kinachobadilishwa ni rejeo tu, pikseli hazinakiliwi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuita cvtColor au resize akiwa ndani ya kufuli. Hapo nyuzi mbili zinarudi kungojana na faida yote inapotea.

Uzi wa kamera unabaki hivi:

    while self.endelea:
        sawa, bgr = kamera.read()
        if not sawa:
            time.sleep(0.01)
            continue
        kisanduku.weka(cv2.cvtColor(bgr, cv2.COLOR_BGR2BGRA))

Na upande wa dirisha, achana na QLabel. QLabel ni nzuri kwa nembo na picha zisizobadilika. Kila unapoita setPixmap, inaijulisha mipangilio ya dirisha kwamba ukubwa wake huenda umebadilika, na mipangilio inapigiwa hesabu upya, mara 30 kwa sekunde, bila sababu. Ukiwasha setScaledContents ndiyo balaa zaidi, maana inapunguza kila picha mpya kwa njia ile laini na ya polepole, ndani ya uzi mkuu. Wijeti yako mwenyewe ina mistari michache tu:

    class Kioo(QWidget):
        def __init__(self, kisanduku):
            super().__init__()
            self.setAttribute(Qt.WA_OpaquePaintEvent)
            self.kisanduku = kisanduku
            self.picha = self.fremu = None
            self.namba = 0
            self.taima = QTimer(self)
            self.taima.setTimerType(Qt.PreciseTimer)
            self.taima.timeout.connect(self.angalia)
            self.taima.start(16)

        def angalia(self):
            fremu, namba = self.kisanduku.chukua()
            if fremu is None or namba == self.namba:
                return
            h, w = fremu.shape[:2]
            self.picha = QImage(fremu.data, w, h,
                                fremu.strides[0], QImage.Format_RGB32)
            self.fremu = fremu
            self.namba = namba
            self.update()

        def paintEvent(self, tukio):
            p = QPainter(self)
            if self.picha is None:
                p.fillRect(self.rect(), Qt.black)
            else:
                p.drawImage(self.rect(), self.picha)
            p.end()

Kuna mambo kadhaa humo yanayoonekana madogo, lakini kila moja likikosewa lina adhabu yake.

Mstari wa self.fremu = fremu unaonekana kama wa ziada. Si wa ziada. QImage inayotengenezwa juu ya bafa ya nje hainakili pikseli, inazisoma palepale zilipo. Ukiruhusu Python itupe safu ya NumPy (ndiyo fremu yenyewe) wakati QImage bado inaielekezea, utapata picha yenye takataka, au programu itakufa ghafla bila ujumbe wowote wa kosa. Wengi huponya hilo kwa kuongeza .copy() kwenye QImage, na inafanya kazi, ila umelipia kunakili megabaiti 8 kwa kila fremu. Kuishikilia safu yenyewe ni bure. Angalia pia mpangilio: picha mpya inachukua nafasi kwanza, ndipo fremu ya zamani inaachiliwa.

fremu.strides[0] ni idadi ya baiti za mstari mmoja wa picha. Usiiache. Usipoitaja, Qt inachukulia kwamba kila mstari unaanzia kwenye kizidishio cha baiti 4. Kwa picha ya baiti 3 kwa pikseli yenye upana wa 1920 hutaona tatizo, kwa kuwa 1920 × 3 inagawanyika kwa 4. Siku utakapokata kipande chenye upana wa pikseli 1366, mstari una baiti 4098, Qt inatarajia 4100, na kila mstari unateleza kidogo kutoka ule wa juu yake. Picha inalala kwa mshazari na rangi zinavurugika. Ukiona picha iliyolala hivyo, usitafute kosa kwenye kamera, kagua upana wa mstari.

Format_RGB32 nimeichagua kwa makusudi. Kwenye prosesa za Intel, AMD na ARM tunazotumia kila siku, mpangilio huo ukiwa kwenye kumbukumbu ni bluu, kijani, nyekundu, kisha baiti ya nne. Ni sawasawa kabisa na kile COLOR_BGR2BGRA ya OpenCV inachokitoa. Kwa hiyo ubadilishaji wa rangi unafanyika mara moja tu, kwenye uzi wa pembeni, na mchoraji wa Qt anaukuta mpangilio anaoupenda. Ukimpa RGB888, ingawa ina baiti chache, analazimika kuibadilisha kila anapochora, tena kwenye uzi mkuu. Na ule ujanja wa fremu[:, :, ::-1] wa kugeuza BGR kuwa RGB uache kabisa. NumPy hainakili kitu pale, inabadilisha tu njia ya kusoma, na matokeo yake ni safu isiyopangika mfululizo ambayo QImage haiwezi kuisoma. Mtu anaongeza .copy(), na kunakili kwa kurukaruka namna hiyo ni kwa polepole kuliko cvtColor.

Kuhusu update na repaint: update inasema tu kwamba wijeti inahitaji kuchorwa, na ukiiita mara tano kabla ya zamu ya kuchora, inachorwa mara moja. repaint inachora papo hapo, kila mara. Kwa kazi hii tumia update. WA_OpaquePaintEvent nayo inaiambia Qt isisumbuke kufuta mandhari ya nyuma kabla ya kuchora, kwa sababu wewe utafunika kila pikseli. Ni ahadi, na ahadi hiyo uitimize. Ukiamua kulinda uwiano wa picha ili isivutwe, pande zitakazobaki wazi uzipake rangi mwenyewe, la sivyo zitabaki na mabaki ya michoro ya nyuma.

Taima ya milisekunde 16 inakagua kisanduku mara 60 hivi kwa sekunde. Kamera ikitoa fremu 30, nusu ya ukaguzi itakuta namba ileile na kurudi bila kufanya kitu. Gharama yake ni ndogo mno. PreciseTimer uitaje waziwazi, kwa sababu taima ya kawaida ya Qt inajiruhusu kupotoka kwa asilimia 5, na picha inaonekana kukwamakwama hata pale wastani wa fremu unapokuwa mzuri.

Sasa tuje kwenye kupunguza picha, maana hapo ndipo muda mwingi wa uzi mkuu ulikuwa unaliwa. Kama eneo la picha kwenye dirisha lako ni pikseli 960 kwa 540, hakuna sababu ya kumpa mchoraji pikseli milioni 2 ili atupe robo tatu zake. Punguza kwenye uzi wa kamera, kabla ya kubadilisha rangi: cv2.resize kwa INTER_AREA, halafu cvtColor. Kinachovuka kwenda dirishani kinashuka kutoka baiti 8,294,400 hadi 2,073,600. Ukubwa unaotakiwa uandike kutoka resizeEvent kama namba mbili ambazo uzi wa kamera unazisoma. Usiite width() na height() za wijeti ukiwa ndani ya uzi wa pembeni. Wijeti ni mali ya uzi mkuu peke yake. QPixmap pia iache huko, uzi wa pembeni ushughulike na NumPy na QImage tu.

Hapa skrini zenye pikseli nyingi huleta mtego. Kwenye kompyuta iliyowekwa ukuzaji wa asilimia 200, wijeti inayojitaja kuwa 960 kwa 540 kwa kweli inafunika pikseli 1920 kwa 1080. Ukipunguza hadi 960 kwa 540, Qt itaikuza tena, na seli zitaonekana zimefifia. Zidisha ukubwa kwa devicePixelRatioF(), kisha ipe QImage thamani hiyohiyo kwa setDevicePixelRatio na uichore kwa drawImage kuanzia pembe ya juu, bila kuipa mstatili wa kuivuta. Pikseli moja ya picha itaangukia pikseli moja ya skrini, na hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote za kuchora. Kama mtumiaji anaweza kukuza sehemu ya picha, kata kipande kwanza kisha ndipo upunguze. Na ukichora mistari ya vipimo juu ya sampuli, hifadhi viwianishi vya fremu asilia, si vya dirisha. Vinginevyo kila mara mtu akitanua dirisha vipimo vitahama.

Kabla hujagusa chochote zaidi, pima. Wastani wa fremu kwa sekunde peke yake unadanganya: programu yako ya sasa inaweza kuchora fremu 22 kwa sekunde huku ikionyesha mambo ya kale. Namba ya kuamini ni umri wa fremu. Mara tu baada ya kamera.read() kurudi, chukua time.perf_counter() na uiweke kisandukuni pamoja na fremu. Mwisho wa paintEvent, isome saa hiyo tena na uondoe wakati uliohifadhi; tofauti ndiyo umri. Umri ukibaki palepale, uko salama, na kwa mpango huu ni milisekunde chache za kuandaa picha pamoja na kungoja taima, isiyozidi 16 hivi. Umri ukipanda taratibu kadiri dakika zinavyokwenda, bado kuna foleni imejificha. Usipime muda wa read() yenyewe ukidhani ni kazi. Sehemu kubwa yake ni kungoja fremu ifike, na kwa fremu 30 ni kawaida ikae milisekunde 33. Angalia pia kilele, si wastani tu: fremu moja ya milisekunde 120 kati ya mia inaonekana kwa jicho, lakini kwenye wastani inapotea.

Umri huo haujumuishi ucheleweshaji ulioko ndani ya kamera na draiva. Kuuona wote, fungua saa ya kuhesabu kwenye skrini, elekeza kamera hapo, kisha piga picha kwa simu ikishika saa yenyewe na dirisha la programu yako kwa pamoja. Tofauti ya namba mbili ndiyo ucheleweshaji halisi. Ukiona ni mkubwa huku umri wa fremu ni mdogo, jaribu kamera.set(cv2.CAP_PROP_BUFFERSIZE, 1). Draiva nyingi huweka fremu kadhaa akiba, na uzi wako ukisoma polepole kuliko kamera unazipata zikiwa zimechacha. Si kila draiva inatii agizo hilo, ndiyo maana uzi wa kamera lazima uwe mwepesi: usome, upunguze, ubadilishe rangi, uweke, basi.

Hakikisha pia kwamba kamera inakupa kweli fremu 30. Kamera nyingi za hadubini ziko kwenye USB 2, na wengi wanailaumu programu kwa kosa la waya. Njia ya video ya USB 2 inabeba kwa juu kabisa baiti 24,576,000 kwa sekunde. Picha isiyobanwa ya aina ya YUYV ina baiti 2 kwa pikseli. Kwa 640 kwa 480, fremu 30 zinahitaji megabaiti 18.4, zinapita. Kwa 1920 kwa 1080, fremu 5 tu zinafikia megabaiti 20.7, na ya sita haina nafasi. Ukiona kamera yako inashuka ghafla hadi fremu 5 kwenye ukubwa kamili, sababu ni hiyo. Iombe itume picha zilizobanwa, na agizo hilo litangulie ukubwa:

    kamera.set(cv2.CAP_PROP_FOURCC, cv2.VideoWriter_fourcc(*"MJPG"))
    kamera.set(cv2.CAP_PROP_FRAME_WIDTH, 1920)
    kamera.set(cv2.CAP_PROP_FRAME_HEIGHT, 1080)

Kisha isome tena kwa kamera.get uone ilichokubali, maana OpenCV haipigi kelele kamera ikikataa. Bei yake ni kazi ya kufumbua kila fremu kwenye prosesa, na kwa vipimo vya rangi vinavyohitaji usahihi wa juu, ubanaji wa JPEG hauaminiki. Hapo nunua kamera ya USB 3.

Kuhesabu seli, kutafuta kingo, au kuendesha modeli ya utambuzi kusikae kwenye uzi wa kamera wala uzi mkuu. Kipe kila kimoja uzi wake na kisanduku chake cha nafasi moja. Kazi za OpenCV kwa sehemu kubwa huiachia kufuli kuu ya Python (GIL, inayoruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati) zinapofanya kazi, kwa hiyo nyuzi zinaenda sambamba kweli. Kitanzi cha Python kinachopita pikseli moja moja hakiachii kwa hiari. Python inaomba zamu ibadilishwe kila baada ya milisekunde 5, na uzi mkuu unaweza kungojeshwa kiasi hicho kila unapohitaji kuendelea. Ukishindwa kukiepuka kitanzi cha namna hiyo, kihamishie kwenye mchakato mwingine kabisa, na fremu uzipitishe kwa multiprocessing.shared_memory, iliyoanza na Python 3.8. Usitumie multiprocessing.Queue kwa fremu nzima. Inazifunga, inazituma, inazifungua, na umerudi kwenye kunakili.

Kurekodi video ni kinyume cha kuonyesha. Dirisha linaruhusiwa kuruka fremu, faili hairuhusiwi. Kwa kurekodi tumia foleni, lakini yenye kikomo, mfano queue.Queue(maxsize=90), na weka humo fremu ya BGR kabla haijapunguzwa. Fremu 90 za ukubwa wako ni sekunde 3, karibu megabaiti 560. Foleni ikijaa maana yake diski au ubanaji umezidiwa, na mtumiaji aambiwe waziwazi kwamba rekodi imepoteza fremu. Kinachokera ni programu inayozitupa kimyakimya, kisha mtu anakuja kuhesabu mwendo wa bakteria kwa video yenye mapengo.

Je, lini uende OpenGL, yaani kuchora kwa kadi ya michoro? Kwa kamera moja ya 1920 kwa 1080 na fremu 30, huhitaji. Mzigo wote hauzidi megabaiti 249 kwa sekunde kwa kila nakala, na kompyuta ya kawaida inaumudu. Hali inabadilika ukifika 3840 kwa 2160 kwa fremu 60: kila nakala ni karibu gigabaiti 2 kwa sekunde, na kupunguza kwa prosesa kunakula kiini kizima. Vilevile ukiwa na kamera nne dirisha moja, au mtumiaji anayetaka kukuza na kuzungusha picha bila kukwama. Hapo tumia QOpenGLWidget. Tenga nafasi ya picha kwenye kadi ya michoro mara moja kwa glTexImage2D, na kila fremu ibadilishe yaliyomo kwa glTexSubImage2D. Kosa la kawaida ni kuita ya kwanza kila fremu, na draiva inatenga nafasi upya kila mara. Tuma kwa mpangilio wa GL_BGRA. Ukituma baiti 3 kwa pikseli, kumbuka GL_UNPACK_ALIGNMENT inaanza na 4, na ule ugonjwa wa picha ya mshazari unarudi kwa mlango wa nyuma.

Faida kubwa zaidi kwenye kadi ya michoro ni kuiachia kazi ya rangi. Kama kamera au kifumbuzi kinakupa NV12 (mpangilio wa rangi wa baiti 1.5 kwa pikseli), fremu ni baiti 3,110,400 badala ya 8,294,400. Zitume hivyohivyo, na programu ndogo inayoendeshwa na kadi yenyewe igeuze kuwa rangi za skrini wakati wa kuchora. Badala ya taima, unganisha signali ya frameSwapped na update, na uchoraji utafuata mapigo ya skrini. Ila jaribu mpango huo kwenye mashine za watumiaji wako kabla hujaushangilia. Mtu akiingia kwa kompyuta ya mbali, au programu ikiwa ndani ya mashine pepe, mara nyingi OpenGL inaigizwa na prosesa, na inakuwa nzito kuliko QWidget uliyoiacha. Weka chaguo la kurudi kwenye njia ya kawaida.

Msomaji anayetumia zana nyingine, kanuni ni ileile na majina tu yanabadilika. Kwenye WPF tengeneza WriteableBitmap moja, ifunge kwa Lock, andika kwenye BackBuffer, taja eneo kwa AddDirtyRect, kisha Unlock; usitengeneze BitmapSource mpya kila fremu. Kwenye Windows Forms, Bitmap ya zamani uifanyie Dispose unapoweka mpya, la sivyo kumbukumbu itapanda kama ya muuliza swali. Tkinter inafaa kwa picha ndogo tu, na rejeo la PhotoImage lisiposhikwa mahali, picha inatoweka na kubaki nafasi tupu.

Mambo mawili ya usakinishaji na kufunga. Kwenye Linux, kifurushi cha opencv-python huja na faili zake za Qt, na mara nyingi zinagongana na za programu yako mpaka inakataa kufunguka ikilalamikia xcb, sehemu inayoiunganisha Qt na skrini ya Linux. Kiondoe na uweke opencv-python-headless, cv2.imshow hutakuwa nayo, na ndani ya programu ya Qt hukupaswa kuitumia. Dirisha linapofungwa, fuata mpangilio: simamisha taima, weka endelea kuwa False, ungojee uzi wa kamera umalizike kwa join, ndipo uite kamera.release(). Ukiiachilia kamera wakati uzi bado uko ndani ya read(), programu inaweza kuanguka wakati wa kutoka. Na usipoiachilia kabisa, mchakato unaweza kubaki hai nyuma ya pazia, taa ya kamera ikiwaka, na ukifungua programu tena unaambiwa kamera inatumika.